Maneno ya Kusema Mlangoni

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo, wahadhiri wenzangu, walezi wa mabweni, na zaidi ya wote ninyi wanafunzi mnaoanza mwaka wa kwanza: nimeombwa nizungumze nanyi kuhusu afya ya akili, nami ninafahamu kwamba wengi wenu mmekwisha kulisikia somo hili mara kadhaa, likipambwa kwa mabango yenye picha ya kichwa cha mtu na maua yakichanua ndani yake. Sikuja na maua. Nimekuja na jambo moja ambalo, kwa hakika yake, ni la lugha kuliko la tiba. Mwanafunzi anapofikwa na dharura ya akili, mara nyingi hakosi mlango wa kubisha. Hukosa maneno ya kusema mlango ukishafunguliwa, na kwa sababu hiyo huondoka akiwa ametibiwa ugonjwa mwingine.

Jambo hili nililijua nikiwa mwaka wa pili. Ilikuwa wiki ya tatu sijalala usiku mzima hata mara moja. Nilikuwa nikiamka saa tisa za usiku, nikaketi ukingoni mwa kitanda nikisikiliza pumzi za mwenzangu wa chumba, nikimwonea wivu kwa jambo dogo kama kulala. Asubuhi moja nilijikongoja hadi kwenye zahanati ya chuo. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kufikiria kujiua na nimepanga namna. Ninalitamka hilo waziwazi leo kwa kuwa siku ile sikulitamka. Tabibu, mtu mwema aliyechoka, aliniuliza, "Unasumbuliwa na nini?" Nikamjibu, "Kichwa, na usingizi unanipa shida kidogo." Akanipima shinikizo la damu, akaniandikia dawa ya maumivu, akanishauri nipunguze kusoma usiku, kisha akamwita aliyefuata. Simlaumu. Alitibu alichoambiwa, na alichoambiwa kilikuwa na neno "kidogo" ndani yake.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na methali hiyo hutolewa katika kila kikao cha namna hii, kana kwamba mgonjwa ameikalia siri yake kwa ukaidi. Mimi sikuwa nimeficha kitu. Nilikwenda mwenyewe, kwa miguu yangu, nikapanga foleni. Nilichokosa ni sentensi. Na tukumbuke kwamba Kiswahili chenyewe hakitusaidii sana hapa. Tunaamkiana "Hujambo?" na jibu lililowekwa tayari ni "Sijambo", yaani sina jambo, hata kama mtu ana jambo linalommaliza. Tunaulizwa habari tunajibu "nzuri", kisha ndipo tunaongeza, "ila tumefiwa." Adabu hii ni njema barabarani. Katika chumba cha daktari, ambako mgonjwa ana dakika chache tu, ile "ila" huenda isifike kabisa. Vivyo hivyo neno "mawazo": mtu mwenye deni husema ana mawazo, aliyeachwa na mpenzi husema ana mawazo, na anayesikia sauti zikimwamuru ajidhuru naye husema ana mawazo. Mtaalamu anayesikia neno hilo bila jingine la kulifuata hana njia ya kujua ni yupi kati ya hao watatu aliyeketi mbele yake.

Kabla sijaendelea, niseme kwa nini ninawaambia ninyi na si watu wengine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya 720,000 hujiua kila mwaka, na kwamba miongoni mwa wenye umri wa miaka 15 hadi 29 kujiua ni sababu ya tatu ya vifo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018, uliowahusisha karibu wanafunzi 14,000 wa mwaka wa kwanza katika vyuo 19 vya nchi 8, ulionyesha kwamba takriban 35 kati ya kila 100 walikwisha kuwa na dalili za angalau tatizo moja la akili katika maisha yao. Umri wenyewe unahusika: utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 ulikadiria kwamba robo tatu ya watu watakaopata tatizo la akili maishani huwa wamelianza kufikia umri wa miaka 24. Kwa hiyo maradhi haya huchagua kubisha hodi katika miaka ile ile ambayo mtu yuko mbali na waliomlea, analala katika chumba cha wageni wenzake, na ana mitihani.

Sasa, dharura ni ipi? Huzuni ya kufeli jaribio si dharura, wala woga wa kawaida wa kusimama mbele ya darasa, ingawa yote mawili yanastahili sikio la mtu. Dharura ni pale usalama wa mtu au uwezo wake wa kujitunza unapokuwa mashakani: anafikiria kujiua, hasa akiwa na mpango au ameanza kugawa vitu vyake na kuaga watu, anasikia au kuona yasiyosikika wala kuonekana na wengine, amekaa siku kadhaa bila usingizi wala uchovu, akizungumza bila kituo, akitapanya fedha na kutangaza mipango mikubwa, au hajala wala kuoga wala kutoka kitandani kwa siku nyingi. Kuna pia mshtuko wa hofu, ambao humshika mtu kifuani, moyo ukamwenda mbio, mikono ikafa ganzi, akaamini kabisa kwamba anakufa. Kwa kawaida mshtuko huo hufikia kilele chake ndani ya dakika kama kumi kisha hushuka. Hata hivyo, mshtuko huo ukimshika mtu kwa mara ya kwanza, aende akapimwe, maana hakuna anayeweza kuutofautisha na ugonjwa wa moyo kwa kumtazama tu.

Nirudi chumbani kwangu. Siku nne baada ya ile dawa ya maumivu, mwenzangu wa chumba alizima taa, akakaa kimya kidogo, kisha akauliza gizani, "Unafikiria kujiua?" Hakuuliza kwa kuzunguka. Hakusema, "Hufikirii ujinga, sivyo?", swali ambalo jibu lake limekwisha kufungwa ndani yake. Nilijibu, "Ndiyo." Akawasha taa, akachukua karatasi ya mazoezi ya maabara, akaigeuza, akanipa kalamu. "Andika unachotaka daktari akijue. Kesho ulimi utakukatalia." Niliandika mistari mitatu, na ninaikumbuka hadi leo: Silali kwa siku 24. Nimefikiria kujiua na nimepanga namna. Sijui kama nitakuwa salama usiku. Asubuhi tulikwenda pamoja, ulimi ulinikatalia kweli, nikaipitisha ile karatasi mezani. Tabibu alikuwa yule yule. Aliisoma, akaweka kalamu chini, akasimama akaufunga mlango, na kwa muda wa saa nzima hakumwita aliyefuata.

Ninasimulia hayo ili mwone kwamba kilichobadilika kati ya ziara ya kwanza na ya pili kilikuwa mistari mitatu, si ukarimu wa mtu wala ubora wa zahanati. Basi tuipitie milango mmoja mmoja.

Mlango wa kwanza ni wa mapokezi, na hapo wengi hukata tamaa, kwa sababu kuna foleni nyuma yako na karani anauliza tatizo kwa sauti ya juu. Huna wajibu wa kumweleza karani maisha yako. Mwambie, "Hali yangu ni ya dharura, inahusu usalama wangu, naomba kuonana na mtu leo." Neno "usalama" ndilo linalokuhamisha kutoka kwenye foleni ya mafua. Ukishindwa kulitamka, liandike kwenye simu na umwonyeshe.

Ndani kwa tabibu, sema mambo kwa mpangilio anaouhitaji yeye: yalianza lini, ni nini ambacho zamani ulikifanya na sasa huwezi, kama unafikiria kufa na kama una mpango, unatumia dawa au kilevi gani, na kama jambo hili limewahi kukupata wewe au ndugu wa damu. Usione haya kutaja kilevi. Anayekificha huandikiwa dawa inayoweza kugombana nacho. Usishangae pia akikutoa damu, kwa maana matatizo ya tezi ya shingo, kwa mfano, huweza kujivika sura ya sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, au ya wasiwasi. Na akiuliza kwa kipimo, labda sifuri hadi kumi, mpe namba ya kweli badala ya ile ya adabu.

Mlango wa mshauri nasaha una kikwazo chake, nacho ni miadi. Unaweza kuambiwa kwamba nafasi ya karibu ni baada ya wiki tatu. Wengi hushukuru na kuondoka, wakidhani ndiyo sheria. Papo hapo sema, "Siwezi kusubiri wiki tatu, nifanye nini usiku wa leo?" Swali hilo humlazimu aliye mbele yako ama akutafutie mtu sasa ama akuelekeze kwa mwingine, na mshauri yeyote aliyefundwa kazi yake analijua. Muulize mapema pia mipaka ya usiri. Kwa kawaida unayoyasema hubaki kwake, isipokuwa maisha yako au ya mtu mwingine yakiwa hatarini, ambapo atalazimika kumhusisha mtu wa tatu. Ni afadhali ulijue hilo mwanzoni kuliko kuligundua katikati ya mazungumzo ukajiona umesalitiwa. Najua pia kwamba zipo nchi ambazo sheria zake bado zinahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa, na kwamba hofu hiyo huwafunga wengi midomo. Sheria za namna hiyo huadhibu kitendo, nami naziona mbaya hata hapo. Anayeingia kwa daktari kusema kwamba wazo limemjia hajatenda kitendo chochote, amekuja kutibiwa.

Ipo hali ambayo hakuna miadi wala foleni ya kuzungumzia: mtu amekwisha kujidhuru, au yuko karibu kufanya hivyo, au amepotewa kabisa na uhalisia. Huyo ni wa idara ya dharura ya hospitali iliyo karibu, mchana au usiku, na asiende peke yake. Aliyemeza kitu apelekwe hata kama anasema amepata nafuu, kwa sababu baadhi ya sumu hunyamaza kwanza. Mbebeeni kitambulisho, kadi ya bima kama anayo, orodha ya dawa anazotumia, na chaja ya simu. Chaja haikuingia katika hotuba yangu kwa mzaha. Kungoja huko huweza kuchukua saa nyingi, na simu iliyozima humfanya mgonjwa ajione ametupwa kisiwani.

Na kama ni usiku na miguu haitaki kutoka, ipo simu. Katika nchi nyingi zipo laini za msaada ambazo watu wake wamefunzwa kusikiliza. Mwanzo wa mojawapo ya laini za kale kabisa unagusa moja kwa moja jambo ninalolisema. Kasisi mmoja wa Uingereza, Chad Varah, alizika katika miaka ya 1930 msichana wa miaka 14 aliyejiua kwa sababu alikuwa ameanza kupata hedhi na alidhani ameambukizwa ugonjwa wa aibu. Hakuwa na mtu wa kumuuliza, wala neno la kuulizia. Mwaka 1953 Varah alifungua huduma ya simu katika kanisa lake jijini London, nayo ndiyo iliyokuja kuwa shirika la Samaritans. Watu walipozidi kumiminika, waliojitolea kuwakaribisha waliketi nao wakizungumza wakati wakimngoja kasisi, na Varah akagundua kwamba wengi walipofikiwa na zamu yao hawakumhitaji tena, kwa kuwa walikwisha kusikilizwa. Ninawakumbusha hilo wale kati yenu wanaoogopa kumuuliza rafiki kwa madai kwamba wao si wataalamu.

Hapo pana woga mwingine wa kuondolewa, kwamba ukimuuliza mtu kama anafikiria kujiua utamtia wazo. Watafiti wamelichunguza jambo hilo mara nyingi na hawakuona kwamba swali huongeza hatari. Mara nyingi humpunguzia mtu mzigo. Uliza kwa neno lenyewe, kisha unyamaze umsikilize. Usikimbilie kumwonyesha sababu za kuishi, maana utakuwa unashindana naye. Usiahidi kutunza siri hiyo, mwambie mapema, "Nitakaa nawe, lakini hili hatutalibeba wawili peke yetu." Muulize kama kuna kitu amewaza kukitumia, na kwa ridhaa yake kiondoe chumbani au kipelekwe kwa mlezi wa bweni. Wimbi la hamu ya kujiua mara nyingi ni fupi kuliko anavyodhani aliye ndani yake, na umbali mdogo kati ya mtu na kile kitu huweza kutosha wimbi hilo likapita. Mwenzangu wa chumba alifanya hayo yote akiwa na umri wa miaka 20, akisomea uhandisi, na baadaye alikiri kwamba magoti yalimtetemeka gizani alipokuwa akiuliza.

Mlango wa kitivo ni tofauti na mingine yote, na kanuni yake ni kinyume: huko sema machache. Mhadhiri hahitaji jina la ugonjwa wako. Mwandikie, "Nimepata dharura ya kiafya, niko chini ya uangalizi wa daktari, ninaomba mwongozo wa kuahirisha mtihani." Iwe kwa maandishi, iwe na tarehe, na iwe kabla ya mtihani panapowezekana. Mimi nilipeleka barua ya daktari siku tisa baada ya mtihani kupita. Karani alinisomea kifungu cha kanuni bila kunyanyua uso, na somo lile nililirudia mwaka uliofuata. Nina kinyongo nalo hadi leo, nami ninasema hivyo mbele ya wahadhiri wenzangu kwa makusudi. Mkitaka kuahirisha muhula mzima, ulizeni kwanza itakuwaje kuhusu ufadhili au mkopo, nafasi ya bweni na masharti ya kurejea, na majibu muyapate kwa maandishi. Rafiki anaweza kukuandikia barua hizo nawe ukasaini tu, kwa kuwa sonona huanza kula uwezo wa kujaza fomu kabla ya vingine.

Kwa wazazi na walezi sina fomula. Wengine watapokea vizuri, wengine watauliza ni nani aliyekuroga au ni dhambi gani umetenda. Ukihofia hilo, mwombe mshauri au daktari awepo unapowapigia.

Nizungumzie kidogo yanayofuata baada ya mlango kufunguka, kwa sababu wapo wanaoukimbia msaada wakiwa wamekwisha kuupata. Dawa za sonona hazifanyi kazi kama dawa ya maumivu. Kwa kawaida huchukua wiki kadhaa kabla ya mtu kuona nafuu ya kweli, ilhali kichefuchefu na vurugu za usingizi huweza kuja siku za mwanzo, kwa hiyo mgonjwa hulipishwa kabla ya kupewa bidhaa. Kwa vijana walio chini ya miaka 25, wiki za kwanza zahitaji kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa kwa baadhi yao mawazo ya kujiua huweza kuongezeka. Likitokea hilo, daktari aambiwe siku hiyo hiyo. Asiziache ghafla mtu kwa kuwa amepata nafuu. Na tiba ya mazungumzo nayo ni tiba, si maongezi ya kupoteza wakati. Kwa wengi hutosha, kwa wengine huenda sambamba na dawa. Mshauri wa kwanza asipokufaa, kuomba mwingine si utovu wa adabu.

Jambo la mwisho ni kazi, nayo ni ya leo. Wataalamu wawili wa Marekani, Barbara Stanley na Gregory Brown, walitengeneza mpango mfupi wa usalama unaojazwa mtu akiwa ametulia ili ausome atakapokuwa hajatulia. Mtu huandika dalili zake mwenyewe za kwamba mambo yanaharibika, yale anayoweza kufanya peke yake yakamtuliza, watu na mahali pa kumwondolea upweke, watu wa kuwaomba msaada, wataalamu na nambari zao, na namna ya kuweka mbali vitu vya hatari. Unatosha ukurasa mmoja. Daktari wangu aliujaza pamoja nami siku ile, na pale penye dalili zangu niliandika kitu ambacho mtu mwingine asingekiona: ninaacha kujibu ujumbe wa dada yangu. Bado ndiyo dalili yangu ya kwanza.

Sitawaomba mjaze ukurasa mzima humu ukumbini. Toeni simu zenu. Andikeni nambari ya zahanati ya chuo, iliyo kwenye kitabu mlichopewa mlangoni, kisha nambari ya dharura na ya laini ya msaada inayofanya kazi hapa mlipo. Chini yake andikeni jina la mtu mmoja mnayeweza kumwamsha saa tisa za usiku, na kama hamna, andikeni jina la mlezi wa bweni lenu, aliyeketi safu ya mbele na ambaye amekubali kuamshwa. Halafu andikeni sentensi moja, kwa maneno yenu, mtakayoisema mlango ukifunguliwa. Isiwe na neno "kidogo". Ninawapa dakika tatu, nami nitanyamaza.